Shamba la Isyonje msiuze kwanza

Nimesikiliza sauti zenu zote nane, pamoja na ile ya mama mdogo anayelia kwa furaha. Kwa hiyo huko Uyole habari ni kwamba nimeshakuwa daktari wa ambulensi Minnesota, kozi yenyewe miezi sita, serikali inalipa, na kaka anataka kuuza eka mbili za viazi ili Baraka aje Januari. Nani kawaambia? Anitafute.

Kaka, shikamoo. Mnunuzi mwambie asubiri.

Baridi sitaisema, picha mmeziona. Kozi ina ngazi: unaanza EMT, yaani mhudumu wa kawaida wa ambulensi, kama saa 170 hivi, unafanya mtihani wa taifa, ndipo unaanza kufikiria uparamediki, ile ngazi ya juu. Huo kwangu ni zaidi ya saa 1,200, za darasani, wodini na barabarani. Darasani raha tu. Mdoli unambonyeza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika na halalamiki. Wodini nako nilijiona mtu. Nimekuwa tabibu miaka sita, mshipa naupata hata umeme ukikatika. (Cheti changu cha utabibu hakikunipunguzia hata saa moja. Tuyaache.)

Barabarani ndiko nilikovuliwa nguo.

Kabla ya kufika hospitali lazima uwape taarifa kwa simu ya upepo: umri, tatizo, presha, mapigo, umempa nini, mtafika baada ya dakika ngapi. Yote kwa nusu dakika. Siku hiyo tulikuwa na mzee wa miaka 71, kifua kinambana, tumeshampa aspirini nne ndogo atafune. Nikasema kila kitu kwa mpangilio wake. Nesi akajibu: rudia. Nikarudia. Rudia. Mnajua R zetu sisi, Rungwe tunaiita Lungwe. Mara ya tatu msimamizi wangu, kijana wa miaka 26, akanyoosha mkono, akanipokonya simu bila hata kunitazama, akasema maneno yale yale. Akaeleweka. Nikageuka, mgonjwa ananiangalia kwa huruma. Mtu moyo unamgomea, anamhurumia shangazi yenu!

Kwenye fomu ya zamu akaandika kwamba mawasiliano hayajafikia kiwango. Na zamu hizo za saa 12 ni mafunzo, hazina hata senti. Nikitoka hapo nakwenda nyumba ya wazee kugeuza watu na kubadilisha pampasi hadi alfajiri, na hiyo ndiyo hela mnayoipokea mkasema dada kapunguza. Nimepunguza, ndiyo.

Baraka, mwanangu, usije. Viza ya mwanafunzi inakuruhusu kufanya kazi ndani ya chuo tu, saa 20 kwa wiki masomo yakiwa yanaendelea. Ada utaitoa wapi, kwenye viazi? Mimi niliingia kwa bahati nasibu ya grini kadi, kibali cha kuishi na kufanya kazi Marekani, usijipime kwangu. Vyuo vya afya hapo Mbeya vipo, soma hapo. Ila ukija, njoo na Kiingereza cha kuongea mbio mbio huku gari linayumba, hicho cha kufaulia mtihani hakitoshi. Njoo unajua kuendesha. Chumba nitakupa, na mchele tutachangia. Lakini usije.

Kaka, wewe unajua kwa nini nang'ang'ania. Usiku ule baba alipoanguka tulimpeleka hospitali ya Rufaa kwa bajaji, kichwa chake mapajani mwangu, mimi tabibu mzima sina hata oksijeni, kazi yangu ikawa kumshikilia asidondoke kwenye matuta. Huku mtu kateguka mguu tunamfuata wawili tuliosomea, na mashine ya moyo, na kabati zima la dawa. Kila nikifunga mkanda wa machela narudi kwenye bajaji ile. Halafu najiuliza, hivi namsomea nani? Malori yanakatika breki hapo Mlima Nyoka, Mbeya, mimi niko huku nafundishwa kutamka sabini na moja.

Siku hizi naongea na usukani peke yangu. Umri, tatizo, presha, mapigo. Watu kwenye mataa wananiona kichaa.

Jumanne nina zamu tena, na msimamizi yule yule. Hela ya mbegu nitatuma tarehe 5, mama mdogo aache kulia, na huyo mnunuzi mrudishieni nauli yake.