Fundi Anajibu: Senta beringi inayokufa kabla ya wakati wake

Barua tatu kati ya tulizopokea safari hii zinatupeleka mahali pamoja, yaani uvunguni mwa lori, kati ya giaboksi na difu, pale ambapo propela ya vipande viwili, yaani shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, huning'inizwa kwenye chasisi kwa beringi iliyovikwa mpira, ndiyo senta beringi. Ya kwanza imechukua nafasi kubwa kuliko nyingine, na nadhani wasomaji wataona sababu yake.

SWALI: Nina lori la ekseli tatu. Ndani ya miezi minne nimebadilishiwa senta beringi mara mbili, na sasa mpira wa ile ya pili umeanza kuchanika. Lori likiwa tupu halina neno, lakini likiwa na mzigo, kila ninapoachia klachi ili kuondoka, linatetemeka kuanzia kitini hadi mikononi, kisha likishika mwendo linatulia. Fundi aliyeifanya kazi anasema kwamba beringi za siku hizi hazina ubora. Je, ni kweli, au kuna jambo tunaliruka?

JIBU: Ndugu msomaji, beringi mbovu zipo sokoni na sitamwita fundi wako mwongo. Hata hivyo, beringi mbili zikifa mahali pamoja ndani ya miezi minne, ni vyema kuacha kuitazama beringi na kuanza kumtafuta anayeiua. Nawe umetupa dalili nzuri kuliko unavyodhani, kwa sababu umesema ni wakati gani hasa lori linatetemeka na ni wakati gani linatulia.

Krosi, yaani kile chuma cha umbo la msalaba kinachounganisha vipande vya propela na kuviruhusu kupinda, ina tabia moja ambayo haiwezi kuiacha. Ikifanya kazi ikiwa imepinda, haikizungushi kipande kinachoifuata kwa mwendo ulio sawa, bali katika kila mzunguko mmoja hukiharakisha mara mbili na kukichelewesha mara mbili. Kwa pembe ya nyuzi 3 tofauti hiyo ni ndogo mno, takriban asilimia 0.14 juu na chini ya mwendo wa kawaida, lakini pembe ikifika nyuzi 10 tofauti hupanda hadi asilimia 1.5. Krosi ya upande wa pili imewekwa ili ifute ukorofi wa mwenzake. Pamoja na hilo, krosi iliyopinda inapopitisha nguvu kubwa huisukuma shafti kando, na msukumo huo hupokelewa na mpira wa senta beringi. Nguvu kubwa kuliko zote hupita pale unapoondoka kwa gia ya kwanza ukiwa na mzigo mgongoni. Ukishapandisha gia, nguvu inayopita kwenye propela hupungua sana na mpira hupata nafasi ya kupumua. Hicho ndicho kinachokutetemesha na kisha kukutuliza. Laiti mtetemo ungekuwa unazidi kadiri mwendo unavyozidi, ningekuambia utafute bomba lililopinda, kibati cha mizani kilichobanduka au hata tope lililogandia kwenye propela, lakini wewe sikupeleki huko.

Ninashuku mambo mawili, na la kwanza ni alama. Kipande cha nyuma cha propela kina jointi ya kuteleza, ile yenye meno yanayoingiana ili shafti iweze kurefuka na kufupika wakati springi zinapopanda na kushuka. Ikifunguliwa bila kutiwa alama, inaweza kurudishwa jino moja au mawili kando ya mahali pake, na hapo yoki, yaani zile panda za chuma zinazoikamata krosi, haziangaliani tena katika mstari mmoja. Krosi mbili zilizokuwa zikifutiana makosa sasa zinaongezeana. Nilipokuwa kijana wa gereji niliwahi kutia alama hizo kwa chaki, mwenzangu akaiosha propela kwa dizeli, na alama zikaenda pamoja na uchafu. Tulirudisha kwa kukisia. Siku ya tatu lori likarudi likitetemeka kama mgonjwa wa homa, na tangu hapo natumia senta panchi: nukta mbili upande huu na mbili upande wa pili, kwenye chuma kinene cha yoki na kamwe si kwenye bomba, kisha rangi juu yake ili zionekane. Kwa lori lako, kukagua jambo hili hakuhitaji hata spana. Lala chini yake ukitazama kando ya kipande cha nyuma, na masikio ya yoki ya mwisho mmoja yanapaswa kulala sambamba na yale ya mwisho wa pili. Yapo malori machache ambayo kiwanda chenyewe kimeyapanga tofauti, kwa hiyo kitabu cha gari kitazamwe kabla ya kugeuza chochote.

La pili ni kimo. Senta beringi mbili zinaweza kufanana kama pacha zikiwa mezani. Zikitofautiana tundu, moja ikiwa ya milimita 60 na nyingine ya 65, shafti yenyewe itaikataa ile isiyo yake na hakuna madhara. Hatari iko kwenye kipimo kisichokataa, yaani umbali kutoka sehemu inayogusa chasisi hadi katikati ya tundu. Beringi iliyozidi au kupungua kimo huingia vizuri, hufungwa vizuri, na kuanzia hapo huibeba propela kwa pembe ambayo kiwanda hakikuikusudia. Madhara hayohayo hutokea pale vile vibati vilivyokuwa kati ya kishikio cha beringi na boriti ya chasisi vinapotupwa kwa kudhaniwa kuwa ni takataka, ilhali viliwekwa makusudi ili kurekebisha pembe. Muulize fundi wako, bila ugomvi, kama alikuta vibati hivyo na vilikwenda wapi. Kisha pembe zipimwe kwa kipimo cha mwinamo. Pembe za krosi mbili za kipande cha nyuma zisitofautiane kwa zaidi ya uzi mmoja, na wala zisiwe sifuri, maana krosi iliyonyooka kabisa haizungushi sindano zake, yaani vyuma vyembamba vya beringi zilizo kwenye ncha zake, nazo huchimba mahali palepale hadi ziache mifereji.

Kipimo kichukuliwe lori likiwa katika kimo chake cha kawaida cha kazi. Springi zilizolala, raba za giaboksi zilizokwisha, mifuko ya upepo iliyowekwa juu kupita kiasi, au riveti zilizolegea za boriti inayoshika senta beringi, kila moja kati ya hizo inaweza kuziharibu pembe zilizokuwa sahihi siku lori lilipotoka kiwandani. Hii ya riveti hukaguliwa mara chache kuliko inavyostahili. Pachika mtaimbo kati ya boriti na propela, inua kidogo, na utazame kama ni mpira peke yake unaocheza au na chuma nacho kinacheza.

Sasa kuhusu kazi yenyewe, ili mara ya tatu iwe ya mwisho kwa muda mrefu. Lori lisimame mahali tambarare, na magurudumu yawekewe vigingi mbele na nyuma kabla mtu hajalala chini yake, kwa sababu propela ikishafunguliwa gia haishiki tena gari, na katika malori ambayo handibreki yake hubana ngoma iliyo nyuma ya giaboksi, handibreki nayo hugeuka pambo. Kila kipande kishikiliwe kwa mkanda au jeki kabla ya kufungua bolti ya mwisho. Propela ya lori ni nzito kiasi cha kuvunja mkono, na ikiachwa ining'inie kwa krosi moja huiharibu krosi iliyokuwa nzima. Kishikio kisiondolewe kabla ya kuandikwa ni upande gani ulitazama mbele na ni vibati vingapi vilikuwa chini yake. Nati kubwa ya yoki ikishafunguka, yoki ivutwe kwa pula, na beringi kuukuu itolewe kwa presi.

Hapo ndipo pa kutulia. Lisafishe kalio la beringi, yaani mahali inapokaa kwenye shafti, na upitishe ukucha juu yake. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, au beringi mpya ikiingia kwa kusukumwa na vidole tu, shafti imeliwa na beringi yoyote utakayoiweka itazunguka juu yake, itapata moto na kufa. Wapo wanaopiga nukta za panchi kuzunguka kalio ili libane, na wapo wanaoviringisha kipande cha kopo. Njia zote mbili hubana siku ya kwanza na kulegea mzigo wa kwanza unapopanda mlima, na kwa maoni yangu fundi anayezitumia kwa siri hana tofauti na muuza maziwa anayetia maji. Dawa ni kubadilisha kipande hicho au kukipeleka kwa wachongaji wakakirudishe katika kipimo chake.

Beringi mpya ikishakaa, pamoja na ngao yake ya vumbi, nati ya yoki iwe mpya na ikazwe kwa spana ya kupimia mkazo kufuata namba ya kiwanda, si kwa kukisia nguvu za mkono. Bolti za kishikio ziachwe zimelegea kidogo hadi kipande cha nyuma kitakapounganishwa. Zungusha propela mara kadhaa ili beringi ijitafutie mahali pake, hakikisha kishikio kimekaa wima dhidi ya shafti na mpira haujavutwa mbele wala nyuma, ndipo ukaze. Mpira uliofungwa ukiwa umevutwa huanza kuchanika siku hiyohiyo. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, bolti zote zijaribiwe upya.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi wa ufundi katika gereji ya malori. Hapa tuna mazoea ya kuingiza senta beringi kwa nyundo na kipande cha mbao, na mara nyingine tunanunua beringi peke yake na kuitia katika mpira wa zamani ili kumpunguzia mteja gharama. Je, kuna ubaya?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ubaya upo, ingawa mbao si mkosaji mkubwa kama mahali inapogusa. Nguvu ya kuingiza beringi kwenye shafti inapaswa kupita katika pete ya ndani peke yake. Ukigonga pete ya nje au kishikio, pigo husafiri kupitia gololi na kuacha vishimo vidogo katika njia zake, ambavyo huwezi kuviona lakini dereva atavisikia vikinguruma baada ya wiki chache. Presi ndiyo chombo sahihi. Isipokuwepo, tafuta kipande cha bomba chenye upana unaolingana na pete ya ndani, kata ncha zake ziwe sawasawa, na utumie nati ya yoki kuvuta polepole ikiwa urefu wa meno yake unaruhusu. Usiipashe moto beringi iliyofungwa kwa sili, kwa sababu joto linaloweza kuitanua pete vya kutosha linatosha pia kuharibu sili na grisi iliyomo.

Kuhusu mpira wa zamani, uuminye kwa kidole gumba. Ukiwa mgumu kama kisigino, ukiwa na nyufa au umelowa oili na kuvimba, kuutilia beringi mpya ni kumuuzia mteja nusu ya kazi. Mpira ndio unaoumia kwanza katika kifaa hiki, kama barua iliyotangulia inavyoonyesha. Mimi hubadilisha kifaa kizima, na mteja anayelalamika namwonyesha ule wa zamani mkononi.

SWALI: Naendesha lori la masafa marefu. Kuna mvumo unaotoka chini, nyuma ya kibanda, unaopanda na kushuka pamoja na mwendo. Nitajuaje kama ni senta beringi, na je, naweza kumaliza safari?

JIBU: Ukiwa kwenye barabara tambarare na tupu, kamwe si kwenye mteremko, toa gia kwa sekunde chache na usikilize. Mvumo ukifa pamoja na mlio wa injini, tazama mbele, kwenye injini na klachi. Ukiendelea kufuata mwendo wa magurudumu, basi uko kwenye propela, difu au beringi za magurudumu. Simama mahali salama, zima injini, weka vigingi, kisha sogeza mgongo wa mkono karibu na senta beringi bila kuigusa. Beringi inayounguza hewa inayoizunguka imekwisha, na kutu nyekundu inayotoka kwenye sili yake inaeleza habari ileile.

Beringi inayovuma huku mpira wake ukiwa mzima inaweza kukufikisha gereji ya karibu kwa mwendo wa pole. Mpira ukishakatika, usiendelee hata kidogo. Nimewaona madereva wakiifunga propela kwa vipande vya tyubu ili wasogee, nao husahau kwamba mabomba ya upepo ya breki mara nyingi hupita karibu na shafti ile, na propela inayorukaruka haichagui inachokipiga. Ita gari la kukuvuta, na kabla ya kuvutwa vipande vyote viwili vya propela vifunguliwe. Giaboksi nyingi za malori husambaza oili kwa shafti zinazozungushwa na injini, kwa hiyo magurudumu yakiizungusha giaboksi huku injini imezimwa, giaboksi inasagika kavu ndani yake bila wewe kusikia lolote.