Kati ya kitanda na jembe: mazoezi kwa mwenye ugonjwa wa moyo

Mgonjwa wa moyo akirudi nyumbani, ndugu humzuia asiguse kitu. Maji anachotewa, chakula anapelekewa kitandani, akisimama mlangoni anaambiwa arudi akalale. Wanafanya hivyo kwa upendo, na siku chache za kwanza si vibaya. Tatizo ni pale hali hiyo inapoendelea miezi mitano, kisha mvua za Desemba zinanyesha Dodoma na mtu yuleyule anabeba jembe kwenda kushinda shambani. Misuli imeshalegea, moyo haujazoeshwa kazi, na mzigo umekuja wote kwa mkupuo. Utengamao wa moyo, yaani mazoezi ya hatua kwa hatua ya kumrudishia mgonjwa nguvu, kazi yake ni kujenga ngazi kati ya kitanda na jembe. Ngazi hiyo inajengwa kiangazi, shamba likiwa limelala.

Anza kwa kumuuliza daktari wako swali moja lililo wazi: "Niruhusiwe kutembea kiasi gani?" Jibu halifanani kwa wote. Aliyezibuliwa mishipa ya moyo pale Hospitali ya Benjamin Mkapa na kuwekewa sitendi (kijibomba cha wavu kinachoushikilia mshipa uwe wazi) huanza kutembea mapema kuliko aliyefunguliwa kifua katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete kule Muhimbili. Mama ambaye moyo wake ulitanuka wakati wa uzazi, au mzee ambaye moyo umechoka kwa presha ya miaka mingi, huenda polepole zaidi. Wapo pia ambao hawatakiwi kuanza kabisa kabla ya matibabu, hasa mwenye valvu ya aota (mlango wa kutolea damu kwenye moyo kwenda mwilini) iliyosinyaa sana, kwa sababu akijitahidi damu haipiti vya kutosha na anaweza kuanguka ghafla.

Ukisharuhusiwa, anza na dakika 5 kwenye njia tambarare, mara 3 kwa siku. Wiki ya pili fanya dakika 10, mara 2. Wiki ya tatu na ya nne, dakika 15, mara 2. Kuanzia wiki ya tano, unganisha ziwe dakika 20 mfululizo, kisha 30. Lengo ni dakika 30 kwa siku 5 za wiki, yaani dakika 150. Mwenye moyo kushindwa kufanya kazi akae wiki mbili kwenye kila kipandio, na mwanzoni agawanye mwendo: dakika 2 anatembea, dakika 1 anasimama. Kama hakuna saa, hesabu nguzo za umeme kwenye njia ileile kila siku. Leo nguzo 6, wiki ijayo 8. Usiongeze muda, kasi na mlima kwa pamoja. Ongeza muda kwanza, mlima uje mwisho.

Siku ya hatari ni ile unayoamka ukijisikia vizuri kupita kawaida. Ndiyo siku watu hukwea hadi kilima cha Mlimwa, kisha kesho yake hawatoki kitandani. Ukiamka na uchovu wa jana, umepitiliza. Rudi kipandio kimoja, ukae hapo siku tatu au nne.

Kasi je? Wengi siku hizi wana saa za mkononi zinazosoma mapigo, nao hutumia hesabu ya 220 kutoa umri. Kwa mgonjwa anayemeza atenolol, bisoprolol au carvedilol hesabu hiyo inapotosha. Dawa hizo huzuia mapigo yasipande, kwa hiyo anayekimbiza namba ya kwenye saa ataumia kabla hajaifikia. Kipimo kizuri zaidi ni mdomo wako. Huku kwetu ukipita njiani utaamkiwa "mbukwa", salamu ya Kigogo, na utaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za mifugo. Kama unaweza kuitikia hadi mwisho huku unatembea, kasi ni sahihi. Kama ungeweza na kuimba, ongeza kidogo. Kama unakata neno katikati kutafuta pumzi, punguza palepale.

Sehemu inayorukwa kuliko zote ni mwanzo na mwisho. Dakika 10 za kwanza ziwe za mwendo wa taratibu sana, ili mishipa ya moyo ipate muda wa kutanuka. Za mwisho pia 10, ukipunguza kidogo kidogo. Ukisimama ghafla au ukajitupa kwenye kiti, damu iliyokwenda kwenye miguu hubaki hukohuko, presha hushuka, kichwa kinazunguka, na moyo unaweza kupoteza mpangilio wa mapigo. Wengi wanaoanguka "baada ya mazoezi" huangukia hapa. Mwenye dakika 20 tu za nafasi ni bora atembee polepole zote kuliko aruke sehemu hizi mbili.

Hali ya hewa ya Dodoma nayo ina masharti yake. Juni na Julai asubuhi kuna baridi na upepo mkali. Baridi hubana mishipa na kumletea maumivu ya kifua mwenye mishipa iliyoziba, kwa hiyo subiri jua litoke, toka saa 2 au saa 3 asubuhi ukiwa umevaa sweta. Oktoba na Novemba ni kinyume: toka kabla ya saa 2, au baada ya saa 11 jioni. Joto likizidi, moyo hufanya kazi mbili, ya kulisha misuli na ya kupeleka damu kwenye ngozi ili upoe. Anayetumia dawa ya kupunguza maji mwilini huishiwa maji upesi zaidi. Lakini kama daktari amekupimia maji, tuseme lita 1.5 kwa siku, maji ya mazoezini yatoke ndani ya kipimo hicho. Usiyaongeze juu yake. Na baada ya kula ugali, acha angalau saa moja na nusu ipite.

Kuna asubuhi za kutotoka kabisa: presha ukiwa umetulia imefika 180 kwa 100 au zaidi, mapigo yamepita 100 kwa dakika ukiwa umekaa, una homa, au miguu imevimba kuliko jana. Mwenye moyo kushindwa kufanya kazi ajipime uzito kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya kunywa chai. Uzito ukipanda kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji, na pa kwenda ni hospitali.

Waliofunguliwa kifua wana jambo lao. Mfupa wa katikati ya kifua huchukua wiki 8 hadi 12 kuunga. Katika muda huo usibebe zaidi ya kilo 4 au 5, na kumbuka lita moja ya maji ni kilo moja: dumu la lita 5 tayari ni mwisho, ndoo ya lita 20 ni mara nne yake. Kibaya zaidi ni kule kuinyanyua kuipeleka kichwani, maana mikono yote miwili huvuta kifua upande huu na huu. Ukitaka kuamka, geuka ubavu, shusha miguu, jisukume kwa kiwiko. Ukikohoa, kumbatia kanga iliyokunjwa. Bodaboda usipande. Kidonda kikitoa usaha, au mfupa ukilia na kucheza ukigeuka, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Muda huo ukiisha, misuli ianze kurudishwa. Kaa kwenye kiti imara, simama bila kujishika, kaa tena: mara 5, pumzika, mara 5 nyingine. Sukuma ukuta mara 8. Inua chupa za maji za nusu lita, kisha za lita moja. Toa pumzi unapoinua, vuta unaposhusha. Anayebana pumzi anapandisha presha ghafla, na hilo kwa moyo mgonjwa ni pigo.

Kifua kikibana, au maumivu yakienda kwenye mkono, taya au mgongo, au jasho baridi likakutoka, acha na ukae chini. Kama umeandikiwa dawa ya kuweka chini ya ulimi, iweke ukiwa umekaa, maana hushusha presha na aliyesimama huanguka. Baada ya dakika 5 weka ya pili. Zikipita nyingine 5 na maumivu yapo, atafutwe mwenye gari sasa hivi. Dawa hiyo itembee nawe mfukoni. Ikibaki kabatini haina msaada.

Sasa shamba. Oktoba, ukiwa kliniki, omba kupimwa mwendo wa dakika 6 kwenye korido, wakulinganishie umbali na wa kipimo cha mwanzo kama ulipimwa. Kama unatembea dakika 30 bila shida na misuli imeanza kurudi, kuberega, yaani kusafisha shamba kabla ya mvua, ni kazi ya kuanzia, ukifyeka eneo dogo. Kukatua ardhi ngumu mwaka huu waachie wengine. Fanya kazi dakika 10, pumzika 5, na katika hizo 5 zungukazunguka kwanza kabla ya kukaa kivulini. Jembe la mpini mrefu linasaidia, kwa kuwa kuinama na kuinuka mara kwa mara ukiwa na dawa za presha huleta kizunguzungu. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, kwa ajili ya valvu avae buti, awe na kitambaa safi kiunoni. Akijikata, akandamize dakika 10 bila kufunua kuchungulia, na damu ikiendelea aende hospitali akiwa bado amekandamiza.