Hisa 82% na unastaafu mwakani? Punguza sasa

Mkuu, punguza hizo hisa kabla hata hujasoma majibu ya wengine. Umeuliza kama usubiri: unastaafu mwakani, mpango wako wa akiba ya uzeeni ulikuwa hisa 60% na hatifungani (yaani kuikopesha serikali au kampuni kwa riba) 40%, leo hisa zimepanda zenyewe hadi 82%, halafu mshauri wako anakwambia kuku anayetaga hachinjwi. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi mwaka 2007, nikiwa mlangoni mwa kustaafu.

Mshauri wangu alikuwa na tai nzuri na kompyuta. Aliigeuza inielekee, akapitisha kidole polepole juu ya mstari wa grafu, na kilipofika ukingoni mwa kioo kikaendelea kupanda hewani. Hapo hewani ndipo nilipowekeza uzee wangu. Kumbe pesa zikikaa kwenye ule mfuko wa hisa yeye anakatiwa kamisheni kila mwaka, zikihamia hatifungani hapati kitu cha maana. Ilikuwa imeandikwa, tena ukurasa wa mwisho, kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Mambo yalipoharibika, kila nikipiga simu naambiwa yuko kikaoni. Nadhani kikao kile hakijaisha hadi leo.

Mwaka 2008 S&P 500, faharasa ya hisa za kampuni kubwa 500 hivi za Marekani, ilipoteza takriban 37%, hata ukijumlisha gawio. Piga hesabu yako: ukiwa na hisa 82%, anguko hilo linakula kama 30% ya mfuko mzima, ukiwa na 60% linakula 22%. Inauma, ila si hiyo iliyonimaliza. Mshahara ulikuwa umekoma, kwa hiyo kila mwezi nikawa nauza hisa zikiwa chini ili nile. Wenye mishahara walitulia tu, na faharasa ikarudi kwenye kilele chake cha 2007 ilipofika 2013. Hisa nilizouza mimi zilimpandia aliyezinunua. Halafu mtu humu anaandika "tulia, soko huwa linarudi". Linarudi, ndiyo. Kwa nani?

Sheria yangu ni moja: hisa zikipita lengo kwa pointi 5, uza ziada, nunua kilichopungua. Usiulize grafu, usimuulize mwenye tai. Iandike kwenye karatasi mapema, maana soko likiwa juu kila mtu hujiona ana akili kuliko karatasi yake. Wewe ulitakiwa uuze zilipogusa 65%. Uko pointi 22 juu, unauliza kama usubiri!

Na msiniambie kwamba hatifungani nazo zilianguka 2022. Zilianguka, riba zilipopandishwa, na za muda mrefu ndizo zilizoumia zaidi. Kwa hiyo chukua za muda mfupi, na weka akiba ya kawaida ya kukulisha miaka michache ya mwanzo.

Uliuliza pia namna ya kuunganisha akaunti zako na mambo ya warithi, sijui, wapo watakaokujibu. Mimi niambie kitu kimoja: hizo hisa ziko ndani ya akaunti ya pensheni au nje? Zikiwa ndani, mara nyingi kuuza hakuleti kodi papo hapo, huna kisingizio. Zikiwa nje, angalia kodi ya faida, anza kuuza zile zilizopanda kidogo, na gawio likiingia lisinunulie tena hisa.