Fildi: Msiwinde Majina ya Kampuni

*Nasoma umeme wa viwandani, Mtwara mjini. Nimeomba fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, kampuni ya gesi na kiwanda cha saruji, kote kimya. Zimebaki wiki mbili. Niendelee kusubiri?*

Usisubiri. Kila mwaka naulizwa hili, na kila mwaka vijana wanawinda jina la kampuni badala ya kazi. Mtambo wa kuchakata gesi kama ule wa Madimba hauguswi na mwanafunzi, na ni sawa usiguswe. Humo utaona mengi, utashika machache.

Zunguka karakana za kusuka mota, yaani kuzifunga upya koili, nyaya zake za ndani. Nenda viwanda vya kubangua korosho Newala na Masasi, ukaombe mwenyewe kwa mdomo. Huko mota ikipata moto, fundi anazima umeme kwanza, anazungusha shafti kwa mkono. Ikikwaruza, beringi imekwisha. Ikizunguka laini, ndipo anachukua mita kupima koili. Ukirudi chuoni ukiwa umefungua mota, ukaifunga, ikawaka, una la kumwambia mwajiri.

Na waajiri wa Mtwara na Lindi nao wasikie: kulipa tozo ya kuendeleza ujuzi hakutoshi kama geti limefungwa kwa wanafunzi. Mafundi wenu wa kesho mtawatoa wapi?

*Kuna mtu anataka laki mbili anitafutie nafasi ya fildi. Nimpe?*

Hapana. Nafasi huombwa kwa barua ya chuo, na barua hiyo hupewi na dalali.

*Niko gereji Lindi. Wiki ya pili nafagia na kuagizwa chai tu.*

Kufagia karakana ni kazi ya fundi pia, usiikatae. Ila wiki mbili zinatosha. Mwombe fundi akupe kazi moja ndogo, kama kubadilisha breki pedi huku akikutazama. Akigoma, mpigie mwalimu wako wa fildi leo, si siku ya kusaini kitabu cha kumbukumbu za fildi. Usije ukajaza humo kazi usizofanya: kwenye usaili utawekewa spana mbele yako.

*Fildi inalipa kiasi gani?*

Nimechoka na swali hili. Fildi ni sehemu ya masomo, si ajira. Uliza nauli na chakula kabla ya kuanza, na uliza nani anatoa buti na miwani. Pasipo miwani usiwashe grenda, hata fundi akikucheka. Jicho halina spea.

*Binti yangu anataka kusomea kuchomelea. Ndugu wananikataza.*

Mpeleke. Chuma hakiulizi jinsia.

*Mimi ni fundi bomba Nachingwea, sijasoma chuo. Zabuni zinanipita kwa kukosa cheti.*

Shika njia ya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Unapimwa kwa kazi unayoijua, na penye pengo unaongezewa mafunzo. Fika chuo cha VETA Lindi uulize zamu ijayo ya upimaji, na ubebe picha za kazi zako. Ukishapata cheti, pokea mwanafunzi mmoja wa fildi. Mafundi wengi kama wewe wanawafukuza wanafunzi.