Maswali Yenu: Acheni Kuilowesha Okidi

Okidi niliyopewa naimwagilia kila asubuhi. Sasa majani yamelegea. Niongeze maji? (Donholm)

Usiongeze hata tone. Swali hili nimelijibu mara nyingi hapa, na bado linakuja. Okidi hiyo ya madukani, ua la chunguni liitwalo Phalaenopsis, asili yake ni misitu ya kusini-mashariki mwa Asia. Huko huota juu ya miti, mizizi ikiwa hewani: mvua ikiilowesha, upepo unaikausha. Wewe unailowesha kila siku, mizizi imeoza, na mmea usio na mizizi haunywi maji. Itoe chunguni uiangalie. Mzizi ulio hai ni mgumu ukiubonyeza. Uliooza ni wa kahawia, na ganda lake huvuka kama soksi, ukabaki uzi mtupu. Kata yote iliyooza kwa mkasi uliopitishwa motoni, kisha panda kwenye vipande vya magome ya msonobari na mkaa, si udongo, katika chungu chenye matundu. Tangu hapo mizizi ndiyo itakayokuongoza: ikiwa ya kijani, ina maji, ikigeuka rangi ya fedha, mwagilia. Na wengi wenu mnatumia maji ya kisima yenye chumvi. Ukiona ukoko mweupe umeganda chunguni, anza kukinga maji ya mvua.

Maua yote yameanguka. Nitupe? (South B)

Usitupe. Mmea u hai.

Mwaka mzima imetoa majani mawili tu. Mbolea gani itaiharakisha? (Kileleshwa)

Hakuna. Huo ndio mwendo wake, na mbolea ya shambani itaiunguza mizizi. Ikiwa unachotaka ni maua, inahitaji wiki kadhaa za usiku wenye baridi ya nyuzi 16 hadi 18, na Julai ya Nairobi inakupa hiyo bure. Zima hita. Kikonyo cha maua kikichomoza, subiri miezi miwili au mitatu yachanue, na usikigeuzegeuze chungu.

Kitabu changu cha Uingereza kinasema dirisha la kusini ndilo lenye jua kali. Ni kweli? (Ruaka)

Kwao, ndiyo. Sisi tuko karibu na ikweta: Aprili hadi Septemba jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, kisha linahamia kusini. Tumia dirisha la mashariki, na pazia jepesi.

Kijana ananiuzia okidi za msituni, maua ya manjano yenye madoa ya kahawia, bei rahisi. Nichukue? (Rongai)

Tafadhali usichukue. Maelezo yako yanafanana na Ansellia africana, okidi ya kwetu, inayokua polepole na inayozidi kupungua kwa sababu watu wanaibandua mitini waiuze. Ukimlipa leo, kesho atarudi msituni. Nunua kwenye kitalu, na hata huko kagua kwanza: mizizi iliyokatwakatwa, ikiwa bado imeshika vipande vya gome la mti, imetoka porini.