Kabla ya kuchukua mkopo wa haraka wa jengo la biashara, pita benki kwanza

Tukikaa Waswahili hapa Houston, mazungumzo hayakosi kufika kwenye majengo. Mmoja anataka fremu za maduka apangishe, mwingine anatafuta pa kufungulia kituo cha kulelea watoto, wa tatu ameona ghala la zamani na moyo umeshahamia huko. Swali la kwanza huwa lile lile: riba asilimia ngapi? Ningependa lianze jingine: deni hili nitalimaliza kwa pesa ipi, na lini?

Nilinunua fremu zangu kwa mkopo wa haraka, yaani wa muda mfupi na riba kubwa kutoka kwa mkopeshaji binafsi, nikazikarabati, kisha nikahamishia deni benki. Tangu hapo huwa nawasomea wenzangu makaratasi yao kabla hawajasaini. Ninachowaambia wote ni kwamba safari ya mkopo wa haraka inaanzia benki, hata kama benki imeshakukatalia.

Benki ikikopesha jengo la biashara hutazama kodi ya pango kabla ya kitu kingine. Inachukua pango la mwaka, inatoa kodi ya majengo, bima, matengenezo, hata fremu tupu na gharama za msimamizi. Jengo lako limejaa na unalisimamia mwenyewe? Bado watazikata kwenye hesabu. Kinachobaki wanataka kizidi marejesho ya mwaka, na benki nyingi hutaka angalau mara 1.25.

Chukua mfano. Jengo linabakiza dola 60,000 kwa mwaka. Gawa kwa 1.25, unapata 48,000, yaani marejesho yasiyozidi dola 4,000 kwa mwezi. Kwa riba ya asilimia 7.5 na hesabu ya miaka 25, rejesho hilo linabeba mkopo wa takriban dola 541,000. Kwa asilimia 4.5 lingebeba karibu 720,000. Wapangaji ni wale wale na pango ni lile lile. Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba yake kutoka karibu na sifuri mwezi Machi 2022 hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50 mwezi Julai 2023, na wengi waliokuwa na hesabu nzuri kwenye karatasi waliishiwa nguvu hapo.

Jambo jingine linalowashtua waliozoea mkopo wa nyumba ya kuishi: marejesho hupigwa kwa miaka 25, lakini deni lenyewe mara nyingi huiva mwaka wa 5, wa 7 au wa 10. Siku hiyo salio lote linadaiwa kwa mkupuo. Katika mfano wetu, baada ya miaka 5 umelipa dola 240,000 na bado unadaiwa kama 496,000. Utakopa upya kwa riba ya siku hiyo, au utauza. Na ukitaka kulipa mapema, soma adhabu yake. Mara nyingi ni asilimia 5 mwaka wa kwanza, 4 wa pili, ikishuka hivyo hivyo.

Anayenunua jengo la kufanyia biashara yake mwenyewe aulizie mkopo wa 504 unaosimamiwa na SBA, shirika la serikali la biashara ndogo. Kianzio huwa asilimia 10, au 15 kwa biashara changa, na jengo lililokwisha kujengwa unatakiwa utumie mwenyewe angalau asilimia 51. Masharti ya uraia na ukaazi yalibanwa kuanzia 2025, kwa hiyo uliza hilo siku ya kwanza.

Sasa mkopo wa haraka. Wenyeji huuita hard money. Mkopeshaji ni mtu au kampuni binafsi, na macho yake yako kwenye thamani ya jengo kuliko kwenye kipato chako. Pesa inaweza kutoka ndani ya wiki moja au mbili. Una jengo tupu, paa linavuja, hakuna mpangaji: benki haina pango la kuhesabu, huyu atakupa. Kwa kawaida hukopesha asilimia 60 hadi 70 ya thamani, kwa miezi 6 hadi 24, na riba huanzia kama asilimia 10 kwenda juu.

Dola 300,000 kwa asilimia 12 ni riba ya dola 3,000 kila mwezi, na deni lenyewe halipungui hata senti. Ongeza ada ya asilimia 3 ya kuingilia: 9,000. Kwa mwaka ni dola 45,000 kabla ya mthamini, mwanasheria na bima. Gharama hiyo inaweza kubebeka kama unajua inaishia wapi.

Kwenye mkataba tafuta mambo haya hasa. Pesa ya ukarabati huzuiliwa na kutolewa kidogo kidogo baada ya ukaguzi. Je, unatozwa riba kwa fungu ambalo bado liko kwao? Kuna kiwango cha chini cha riba hata ukilipa mapema? Kuongeza muda kunagharimu nini? Na je, umesaini dhamana binafsi? Ukishaisaini, kampuni uliyofungua haikukingi. Wanaweza kukufuata wewe. Anayedai maelfu ya dola "kufungua faili" kabla hata hajaliona jengo, mkimbie.

Msidhani sheria za kumlinda mkopaji wa nyumba ya kuishi zinafika huku. Sheria ya shirikisho ya uwazi wa mikopo haigusi mkopo wa biashara. Hapa Texas mkopeshaji anaweza kuuza jengo bila kwenda mahakamani: notisi ya siku 21, kisha mnada Jumanne ya kwanza ya mwezi. Zile siku 20 za kurekebisha deni anazopewa mwenye nyumba ya makazi, wewe huna.

Mkopo wa haraka ukiiva, wa kulichukua deni mara nyingi ni benki. Ndiyo maana nasema pita benki kwanza. Uliza afisa wa mikopo: jengo hili likiwa limekarabatiwa, linahitaji wapangaji wangapi, mikataba ya muda gani, na akiba kiasi gani ili mlichukue deni? Kama kianzio chako ni cha upatu, kiweke kwenye akaunti mapema na utunze kumbukumbu, maana wataulizia kilikotoka. Uthamini na ukaguzi hula miezi miwili au mitatu, hivyo kwa mkopo wa mwaka mmoja, ombi lifike benki mkopo ukiwa na miezi saba au minane. Uliza pia nani aliwahi kupanga humo. Palipokuwa na dobi wa dawa za kemikali au kituo cha mafuta, benki inaweza kudai udongo upimwe kabla haijatoa chochote, na huku nyuma dola 3,000 za riba zinaendelea kudaiwa kila mwezi.