Ua Usiochimbiwa Hata Shimo Moja: Neno kwa Wapangaji Wenzangu

"Dada, nimeona picha ya ua wako. Unasema hauna simiti hata chembe. Mume wangu anasema ua bila simiti ni maonyesho tu, mvua ya kwanza utalala chini. Tumepanga Ruai, tuna kuku na mtoto anayeanza kutembea, na mbwa wa mtaa wanaingia nyuma ya nyumba wapendavyo. Nimwambie nini shemeji yako?"

Dadangu, mwambie shemeji hivi: mvua za Aprili 2024 zilipokuja, zile zilizofurisha Mathare na kuwatoa watu wengi majumbani mwao, ua wangu ulikuwa tayari umesimama hapa Utawala, kwenye udongo mweusi uleule mlio nao huko. Ukuta wa mawe wa ploti ya nyuma uliinama, na ufa wake unapitisha mkono hadi leo. Nguzo zangu hazikuinama. Nasema hili kwa fahari, maana nguzo hizo tulizipigilia wenyewe, mimi na mpwa wangu, huku wapita njia wakisimama kutucheka.

Lakini simiti siyo sababu kubwa ya mimi kukujibu kwa urefu. Sababu kubwa ni pesa ya mpangaji na mahali inapoishia.

Kabla ya Utawala niliishi Kasarani, katika nyumba iliyokuwa na kiwanja kizuri cha nyuma kilichoachwa wazi kwa kila apitaye. Mwenye nyumba aliniambia kwa mdomo wake, "Mama, weka ua upendavyo, hapo ni kwako." Nikaleta fundi. Tukachimba, tukamwaga zege, tukasimamisha nguzo za mwerezi na wavu wa waya mnene. Nikapanda sukuma na kunde, nikafuga kuku wa kienyeji, na watoto wa majirani wakawa wanacheza kwangu kwa sababu ndiko mama zao walikokuwa na amani. Kilikuwa kiwanja cha kupendeza. Nilikuwa nikirudi kazini jioni, hata kabla ya kuweka mkoba chini, nazunguka kwanza nyuma kutazama.

Kodi ilipopanda nisiweze kuifuata, nikatoa notisi. Siku ya kuhama nilikuja na kijana wa kung'oa nguzo na kukunja wavu. Keateka, yaani mtunza nyumba, akasimama mlangoni na ujumbe aliotumwa: kilichofukiwa ardhini hakitoki. Nikapiga simu, haikushikwa. Nikapiga tena jioni, haikushikwa. Dipoziti nayo ikarudi nusu, eti ya kupaka rangi kuta ambazo nilizipaka mwenyewe. Mpangaji aliyenifuata alinitafuta kuuliza habari za maji, ndipo nikajua kwamba alipandishiwa kodi zaidi kwa sababu "nyumba ina ua". Ua wangu mimi. Nikipita Barabara ya Thika siku hizi sigeuzi shingo upande ule.

Baadaye wakili mmoja wa kanisani kwetu alinieleza jambo ambalo kila mpangaji anapaswa kulijua. Sheria tuliyoirithi kutoka Uingereza inaanza na kanuni kwamba kilichoshikamanishwa na ardhi ni sehemu ya ardhi. Mahakama huangalia mambo mawili: kitu kimeshikamana kiasi gani, na kiliwekwa kwa nia gani. Nguzo iliyozikwa kwenye zege inazungumza yenyewe kwamba ilikuja kukaa. Nguzo iliyopigiliwa na kufungwa kwa bolti, tena mkiwa mmeandikiana kwamba utaondoka nayo, inazungumza lingine kabisa. Basi mimi niliapa kwamba shilingi yangu haitazikwa tena kwenye ardhi ya mtu mwingine.

Na sote humu tunaelekea kwenye ploti zetu. Kila anayenisoma ana kipande anachokilipia polepole Kamulu, Joska au Kitengela, au anakiwekea akiba kwenye chama. Ua unaoujenga leo kwenye nyumba ya kupanga unapaswa kuwa ua wa kwanza wa hiyo ploti. Ununue vitu vitakavyopanda pikapu pamoja na viti vyako.

Sasa ua wenyewe.

Nguzo zangu ni za chuma cha pembe, kile mafundi wetu wanakiita anglaini, cha milimita 40 kwa 40, unene wa milimita 3. Kwenye hadiweya kinauzwa kwa urefu wa mita 6, na hapo ndipo uzuri wake ulipo, kwa sababu ukikata mara mbili unapata nguzo tatu za mita 2 bila kutupa hata kipande. Sentimita 60 zinaingia chini, mita 1.4 zinabaki juu. Nilipeleka vyuma vyangu kwa fundi wa kuchomelea pale Kariobangi Light Industries. Nilimwomba akate ncha ya chini kwa mshazari ili iwe kali, kisha achomelee kipande cha chuma bapa cha ukubwa wa kiganja, sentimita 45 kutoka kwenye ncha. Kipande hicho kinazama kama sentimita 15 chini ya uso wa udongo, na ndicho kinachoizuia nguzo isijipinde wala kulala. Fundi aliniuliza, "Mama, mbona unajitesa? Hii si ni kazi ya kumwaga zege tu?" Nikamwambia achomelee. Halafu rangi nyekundu ya kuzuia kutu, mikono miwili, hasa ile sehemu inayoingia ardhini na pale penye moto wa kuchomelea. Usiruke rangi.

Robota la chenilinki, yaani ule wavu wa waya wa ua, mara nyingi lina mita 18. Kwa urefu huo ulionyooka unahitaji nguzo 10 na mikono miwili ya kuegemeza nguzo za mwisho, yaani vyuma vinne vya mita 6. Nafasi ya kwanza na ya mwisho ziwe mita 1.5, ili mkono wa mshazari utoke juu ya nguzo ya mwisho na kufika kwenye kitako cha nguzo inayofuata. Katikati acha mita 2 na kidogo. Watu hupuuza mikono hii kwa sababu inaonekana ya ziada. Wavu ukishakazwa, nguzo ya mwisho ndiyo inayovutwa na ua mzima, na bila mkono itainama hata ungeimwagia zege. Funga mikono kwa bolti, usichomelee, maana utahama.

Wakati wa kupigilia ndio siri ya kazi yote. Udongo wetu mweusi hunywa maji ukavimba, ukikauka husinyaa na kupasuka. Januari na Februari huwezi kuupenya, na katikati ya mvua unakushika kiatu. Piga siku chache baada ya mvua kubwa, udongo ukiwa na unyevu lakini haugandi tena kwenye soli. Kama mvua imegoma, mwagia kila alama ya nguzo maji jioni na uendelee asubuhi. Unyevu, dada zangu. Unyevu ndio unaookoa mgongo.

Tangulia na mtarimbo kutoboa njia, kisha simamisha nguzo na uipige. Usiipige kwa nyundo moja kwa moja, kichwa chake kitachanua. Fundi wangu alitengeneza kipigio kutoka kwenye bomba zito lililozibwa juu na kuwekwa vishikio viwili: unalivisha juu ya nguzo, unainua, unashusha. Mpwa wangu na mimi tulipokezana, na hata mwanamke mwembamba anaweza kazi hii. Nguzo ikigota mwamba, usishindane nao. Ing'oe, isogeze kidogo, uanze tena.

Kabla ya yote hayo, muulize keateka bomba la maji, waya wa umeme na tanki la choo vinapita wapi. Hili halina mjadala.

Ukisikia watu wanasema udongo mweusi unahitaji simiti, fikiri kidogo. Wajenzi wa Nairobi huuchimba udongo huo wote na kujaza marramu au mawe kabla ya msingi, kwa sababu wanajua unainua kilicho juu yake. Donge fupi la zege lililokaa ndani yake linainuliwa na kushushwa kila msimu mpaka nguzo iangalie pembeni, na ukitaka kuinyoosha ni kuvunja na kuanza upya. Nguzo nyembamba iliyopigiliwa haina upana wa kuupa udongo nafasi ya kuishika hivyo. Kiangazi nyufa zikitokea kando yake namwaga maji, naishindilia mara mbili tatu, basi.

Na wazo hili si la watu wasio na uwezo. Mhandisi wa Ireland, Alexander Mitchell, ambaye alikuwa kipofu, alipata hataza mwaka 1833 ya nguzo za chuma zenye skrubu za kuzungushwa ardhini. Mwaka 1838 ilianza kazi ya kusimamisha mnara wa taa juu ya nguzo hizo pale Maplin Sands, kwenye mchanga wa mlango wa mto Thames, mahali ambapo msingi wa mawe usingeshika. Kipofu alisimamisha mnara baharini bila kuchimba msingi, na wewe unaambiwa huwezi kusimamisha wavu wa kuku Ruai!

Wavu nao una mambo yake. Namba ya geji ikipanda, waya unakuwa mwembamba, kwa hiyo muuzaji akikupa geji 16 kwa bei tamu ujue unachonunua. Mimi nilichukua geji 14, wa kimo cha futi 5. Futi 4 zimesimama, na futi moja nimeikunja nje na kuilaza juu ya nyasi, nikaishika kwa vigingi vya nondo vilivyokunjwa. Mbwa huja hadi kwenye wavu na kuanza kufukua palepale, na anakuta anafukua juu ya waya. Nyasi zikishaota kupitia matundu hata huuoni. Tangu hapo sijapoteza kifaranga kwa mbwa. Kabla ya kuufunga wavu, pitisha waya mnene wa kukaza juu, katikati na chini kupitia matundu ambayo fundi amekutobolea kwenye nguzo, kisha fungia wavu kwa ule waya laini wa kufungia nondo.

Usiweke mabati kwenye nguzo hizi. Najua ni rahisi kuyapata na yanaficha nguo zako za kuanika, lakini bati linashika upepo kama tanga, na huku kwetu Utawala upepo hauna cha kuuzuia. Wavu unaupitisha. Ukitaka faragha, panda mmea wa kutambaa. Mimi nina karakara upande wa jua, na matunda tunakula.

Mlango ndio uliowashinda wengi. Ukiuning'iniza kwenye nguzo moja iliyopigiliwa, utaivuta mpaka iiname. Chomeleshea fremu kamili yenye pande nne, pamoja na chuma cha chini cha kukanyaga na cha juu, mlango mwepesi uning'inie ndani yake, halafu fremu ifungwe kwa bolti kwenye nguzo mbili. Uzito unabaki ndani ya fremu.

Niseme pia kwamba ua huu si wa kumzuia mwizi, wala si wa ng'ombe. Ni wa mtoto, kuku, sukuma na heshima. Ndiyo, heshima. Tumezoeshwa kuishi kwenye nyumba za kupanga kana kwamba tuko kituo cha basi, hatupandi, hatupambi, tunangoja siku ya kuingia kwetu. Watoto wanakua katika kungoja huko. Mpangaji mwenzangu, mwanao ana umri wa kucheza nyuma ya nyumba sasa hivi, siyo siku hati ya shamba itakapotoka. Acha kungoja. Acha pia kuwasikiliza wale wanaopima kazi yako kwa mifuko ya simiti. Fundi wa mawe alinitajia bei ambayo ua wangu wote, pamoja na kuchomelea na rangi, haukufika robo yake. Iliyobaki iko kwenye chama, na jina langu liko juu yake.

Sasa, dadangu wa Ruai, ruhusa kwanza. Usikubali ya mdomo. Mwandikie mwenye nyumba ujumbe mfupi: naweka ua wa nguzo za kupigilia, bila kuchimba na bila simiti, ni mali yangu, nitauondoa nikihama na kuacha kiwanja kama nilivyokikuta. Akijibu "sawa", hifadhi jibu hilo na piga picha ya kiwanja siku hiyohiyo. Siku ya kuhama utamwagia nguzo maji usiku, asubuhi utazifunga mnyororo na kuziinua kwa jeki ya gari.

Shemeji mpe kazi ya vyuma: Septemba akakatishe anglaini na kuzipaka rangi, zikauke vizuri. Mvua za vuli zikianza Oktoba, vumilieni zile za kwanza ziingie chini, kisha mpige. Na kabla hajanunua wavu, pimeni kiwanja kwa kamba, pembe kwa pembe, mniandikie vipimo. Kila pembe inaongeza mikono miwili, na hiyo hesabu nitawafanyia.